Tulinuniana Siku Tisa, Jicho Likatupatanisha

Sikufichi, msomaji wangu. Asubuhi ile kope zangu zilipogoma kufunguka, mimi na mume wangu tulikuwa hatuongei. Siku ya sita hiyo. Nyumba moja, kitanda kimoja, lakini tunapishana kama abiria wa daladala. "Chai iko mezani." "Sawa." Basi, maongezi ya siku yamekwisha.

Chanzo? Hela, kama kawaida. Alimkopesha mdogo wake laki nane bila kuniambia, nami nikaja kugundua kwa meseji niliyoiona kwenye simu yake. Si kwamba nina roho mbaya na shemeji yangu, hapana. Kilichoniuma ni kwamba mimi nilikuwa najibana kwa ajili ya kodi ya nyumba, huku mwenzangu anachomoa kimya kimya. Tukarushiana maneno, halafu kila mtu akageukia ukuta wake.

Ni katika wiki hiyohiyo mtoto wetu wa miaka miwili alirudi kutoka kituo cha kulelea watoto akiwa na jicho jekundu. Kesho yake yote mawili, na usaha mzito wa njano umegandisha kope. Baba yake ndiye aliyempeleka kituo cha afya. Akarudi na tyubu ndogo ya dawa ya macho ya kupaka, tetrasaiklini ya asilimia 1, na maelekezo aliyoyaandika kwenye karatasi na kuibandika kwenye friji. Nikayasoma, ila sikumuuliza kitu. Kiburi bwana!

Baada ya siku mbili mtoto alikuwa anaruka ruka. Ugonjwa ukahamia kwangu.

Chupa ya mlangoni mwa friji

Sasa hebu fikiria mtu mzima, msomi, ana tyubu ya mtoto mezani na maelekezo kwenye friji, halafu anafanya nilichofanya mimi. Nilisafisha jicho la kulia kwa maji ya uvuguvugu, nikaosha kikasha cha lenzi zangu kwa maji ya bomba, nikazivaa, nikaenda kazini. Ndiyo, huwa navaa lenzi za macho. Miwani naona inanizeesha, na siku hiyo nilikuwa na kikao na wateja wakubwa.

Kabla ya kutoka nikakumbuka kichupa cha matone kilichokuwa mlangoni mwa friji. Kilinunuliwa mwanzoni mwa mwaka 2024, Dar nzima ilipokuwa inatembea na macho mekundu. Mume wangu alipatwa, akaenda duka la dawa, akauziwa bila kuulizwa maswali mengi. Baada ya siku chache akapona, na sisi tukaiheshimu ile dawa kama mganga. Hatukujua kuwa wekundu ule ulikuwa wa kirusi, na antibayotiki haiui kirusi. Angepona tu hata angetia maji safi.

Nikaangalia tarehe ya kwisha muda: 2026. Nikajiambia iko safi, nikatia matone matatu kwa pupa.

Na kwa kweli ilifanya kazi! Hadi jioni wekundu ulikuwa umefifia. Nikaendelea, na usiku kwa uchovu na hasira nikalala na lenzi zangu. Siku ya nane jicho likaanza kuuma. Si kuwasha, kuuma, kama kuna mchanga umenasa. Taa za ofisini nikaziona kama jua la saa saba. Usiku sikulala. Asubuhi ya siku ya tisa nikajitazama kwenye kioo: kwenye ile duara nyeusi kulikuwa na kidoa cheupe, kidogo kama kichwa cha pini, na nilipofumba jicho la kushoto dunia yote ilikuwa ukungu.

Mama mkwe alikuwa amepiga simu akashauri nitie maziwa ya mama anayenyonyesha. Nilikuwa karibu kukubali. Mume wangu akaja mlangoni na funguo za gari mkononi. "Vaa viatu," akasema. Hayo ndiyo maneno ya kwanza ya maana baada ya siku tisa.

"Umewapumzisha askari wako"

Daktari wa macho alikuwa mama mtu mzima, hana haraka. Akanitia rangi ya njano kwa kijikaratasi, akazima taa, akanimulika kwa mwanga wa buluu. Sehemu iliyochubuka, akasema, inang'aa kijani. Ya kwangu iling'aa. Ilikuwa kidonda cha konea, yaani kile kioo cha mbele cha jicho. Akachukua sampuli kwa ajili ya maabara, kisha akaomba nimwonyeshe nilichokuwa natumia.

Akasoma kichupa. "Mwanangu, humu mna dawa mbili. Moja antibayotiki, nyingine deksamethasoni, ambayo ni steroidi. Steroidi inafuta wekundu, unadhani umepona. Kumbe umewapumzisha askari wako, wezi wanaendelea kuiba. Halafu hii imefunguliwa lini?"

Nikamtazama mume wangu. "Miezi minane, Dokta," akajibu kwa sauti ya mtoto aliyevunja sahani.

Tukapewa somo pale pale. Tarehe iliyochapwa kwenye chupa ni ya chupa ambayo haijafunguliwa. Matone mengi ya macho, ukishafungua, unayatupa baada ya wiki nne, hata kama yamebaki nusu, kwa sababu ncha ikishagusa kope au kidole vijidudu huingia ndani. Na chupa ni ya mtu mmoja. Kuhusu lenzi, alisema ukilala nazo konea inakosa hewa na inachubuka kirahisi, na maji ya bomba yana vijidudu ambavyo hupenda sana kuishi kwenye kile kikasha. Kwa hiyo mtu wa lenzi jicho likiwa jekundu, anazivua siku hiyohiyo na kwenda kuonana na daktari, haendi kwenye friji.

Nikauliza swali nililokuwa naliogopa: nitaona?

"Umekuja mapema kiasi," akasema. "Lakini dawa hii ni ya kila saa, usiku na mchana, kwa siku mbili. Nani atakuamsha?"

"Mimi," akasema mume wangu.

Saa nane usiku

Alitega simu yake ilie kila saa. Saa nne, saa tano, saa sita. Ananawa mikono kwa sabuni, anawasha taa ndogo, anasema, "Tazama juu." Anavuta ukope wa chini taratibu mpaka unakuwa kama kijimfuko, anadondosha tone moja la siprofloksasini. Moja tu, kwa sababu jicho halina nafasi ya zaidi. Yale matatu yangu yalikuwa yanamwagikia shavuni. Kisha ananifumba jicho na kubonyeza kidogo kona ya karibu na pua kwa dakika moja, ili dawa isikimbilie kooni. Mara ya kwanza alisahau kubonyeza, nikasikia uchungu kama nimetafuna mwarobaini. Tukacheka. Cheko la kwanza.

Kuna kitu kuhusu mtu anayekuvuta ukope usiku wa manane, jamani. Huwezi kuendelea kumnunia. Uso wake uko sentimita kumi kutoka kwako, unanusa usingizi wake, na wewe huna ujanja, unatazama juu tu.

Saa nane akiwa amenibonyeza kona ya jicho, akasema, "Zile hela za mdogo wangu. Nilijua ungekataa, ndiyo maana sikusema."

"Nisingekataa," nikamjibu. "Ningeuliza atarudisha lini."

Akanyamaza mpaka dakika ikaisha. "Kwa kweli hata mimi sikumuuliza."

Sitakudanganya kwamba yaliisha pale. Saa tisa tulibishana tena kidogo, kwa sauti ya chini ili tusimwamshe mtoto. Ila tuliongea. Na mimi nikakiri langu: niliogopa kumwambia jicho linauma kwa sababu kuomba msaada wakati umenuna ni sawa na kushindwa. Tukakubaliana kitu kimoja: hela inayozidi laki moja haitoki kabla ya mwenzio kujua. Ikiwa ni ya ndugu yako au wangu, ni sawa tu.

Baada ya siku mbili dawa ikawa kila saa mbili mchana, kisha ikapungua taratibu chini ya macho ya daktari. Jicho lilipona. Nina kovu dogo, na kwa bahati liko pembeni, halizibi njia ya kuona. Daktari alisema lingekuwa katikati tungekuwa tunazungumza mengine.

Tunayoyafuata sasa nyumbani

Wengi wenu mna watoto, ofisi na foronya za kushirikiana, kwa hiyo nawaachia haya niliyojifunza kwa gharama.

Tongotongo si usaha. Usaha mzito wa njano au kijani unaorudi hata ukifuta mara nyingi ni wa bakteria. Machozi mepesi yenye mafua mara nyingi ni kirusi. Macho mawili yanayowasha sana huwa ni aleji. Si wekundu wote unaohitaji antibayotiki, na kuitumia ovyo kunawafundisha bakteria usugu.

Ukipewa matone na ya kupaka kwa pamoja, anza na matone, subiri dakika tano, ndipo upake. Ya kupaka unaikamua kama uzi mwembamba ndani ya ukope wa chini. Utaona ukungu kwa dakika chache, kwa hiyo usiendeshe gari. Wengi huipaka wakati wa kulala. Kwa mtoto anayelia ni nzuri zaidi, maana machozi hayaiondoi haraka kama matone. Ncha ya chupa au tyubu isiguse jicho.

Maliza siku ulizoambiwa, hata jicho likitakata mapema. Kila mtu na taulo lake, na foronya zifuliwe. Maziwa ya mama, mkojo, chai, mate: hapana, hata akisema mama mkwe.

Na ukiona maumivu makali, mwanga unachoma, uoni umepungua, kidoa cheupe, au mgonjwa ni mtoto mchanga, usipitie duka la dawa. Nenda hospitali siku hiyohiyo.

Siku hizi navaa miwani siku nyingi za wiki. Mume wangu anasema inanipendeza. Kile kichupa cha kwangu tulikitupa wiki nne zilipotimia. Yeye mwenyewe aliandika kwa kalamu tarehe ya kukifungua. Ila ile kengele ya saa nane usiku hajaifuta kwenye simu. Mara moja moja inalia kwa bahati mbaya, na kabla hajaizima huwa ananiambia gizani, "Tazama juu."