Kipimo cha Moyo wa Ofisa

Nguo hupimwa kwa dhiraa, nafaka kwa kibaba na dhahabu kwa mizani. Lakini moyo wa mtu atakayewaongoza wengine mahali pa hatari hupimwa kwa nini? Nakuomba, msomaji, ufikiri nami juu ya swali hili, maana ofisa asiyefaa huwagharimu maisha watu ambao hawakumchagua.

Katika miaka ya mwanzo ya Vita Kuu ya Pili, jeshi la Uingereza lilikuwa na haja kubwa ya maofisa. Desturi ya kuwachagua ilikuwa mazungumzo mafupi mbele ya baraza. Kijana aliulizwa shule aliyosoma, kazi ya baba yake na michezo aliyoipenda. Hii ilikuwa sawa na kununua jembe kwa kutazama mpini. Wengi waliopita hivyo walishindwa mafunzo wakarudishwa, na askari wengi wa nyumba zisizo na jina waliona mlango umefungwa, wasithubutu hata kubisha hodi.

Mwaka 1942 yaliundwa mabaraza mapya ya uchaguzi, la kwanza mjini Edinburgh. Humo maofisa wazoefu walishirikiana na madaktari wa akili na wataalamu wa elimu ya nafsi. Watahiniwa walikaa siku tatu hivi, wakijulikana kwa namba. Walifanya mitihani ya akili. Walitajiwa neno, wakaandika wazo la kwanza lililowajia. Walionyeshwa picha, wakaitungia hadithi.

Jaribio linivutialo zaidi lilibuniwa na daktari Wilfred Bion, aliyekuwa ofisa wa vifaru katika Vita Kuu ya Kwanza. Kikundi kidogo kilipewa kazi, kama vile kujenga daraja, wala hakikuambiwa nani mkubwa wake. Watazamaji walikaa kando, kimya. Kila kijana alitiwa kati ya mambo mawili: alitamani kuonekana bora kuliko wenzake, na kazi haikuweza kufaulu ila kwa kuwasaidia wenzake hao. Mwenye makelele aliweza kushika kamba zote na daraja lisisimame. Mpole aliyesikia shauri jema la mwenziwe, akalitia nguvu, aliweza kulisimamisha.

Walikuwapo waliopinga. Walisema si haki daktari kuchungulia siri za nafsi ya mtu, na kwamba ushujaa hauonekani mpaka risasi zilie. Hoja yao ina uzito, kwa kuwa hakuna kipimo kisichokosea, na siku tatu ni chache kuhukumu maisha ya mtu. Lakini mimi nachagua kipimo kinachoweza kukosea kwa wote sawasawa kuliko jicho linalopendelea wachache. India, iliyopata uhuru mwaka 1947, iliendelea na mtindo huu, na hata leo huwapima watahiniwa wake wa uofisa kwa siku kadhaa.

Wewe, msomaji, huenda usivae sare ya jeshi maisha yako yote. Hata hivyo iko siku mwalimu atakapotoka darasani, aache kazi bila kumtaja kiranja. Usimtafute anayesema sana. Mtafute yule ambaye, akiwapo, kazi ya wenzake huwa nyepesi. Kisha jiulize kama wenzako wangekutaja wewe.