Oscar ya Kenya Itatoka Pwani, Kumbukeni Nilisema

Kila msimu wa tuzo ukifika mnaniuliza: wewe si ndio mtabiri, nani anashinda? Leo nawapa utabiri, lakini si wa Hollywood. Hao wana watu wa kutosha wa kuwatabiria. Mimi nataka tuongee kuhusu Kenya na ile Oscar ya filamu bora ya kimataifa.

Kwa wale hawajui inavyokwenda: kila nchi inaruhusiwa kupeleka filamu moja tu kwa mwaka. Zote zinachujwa mpaka 15, halafu mpaka tano, na hizo tano ndizo zinaitwa wateule. Sisi tulianza 2012 na Nairobi Half Life. Kutoka hapo mpaka Nawi ya 2024, hatujaingia tano bora hata siku moja. Na kabla hujaniandikia kuhusu Lupita, najua, alichukua yake 2014. Ile ilikuwa tuzo ya mwigizaji na filamu ilikuwa ya watu wengine.

Sasa tazama hii hesabu. 2019 Kenya ilipeleka Subira. 2020 ikapeleka The Letter. 2023 ikapeleka Mvera. Filamu tatu ndani ya miaka mitano, zote hadithi za Pwani. Ajabu ni kwamba ukisimama pale Likoni feri uulize watu kumi kama wameziona, utapata mmoja, na huyo mmoja anakudanganya. DJ Afro akitafsiri filamu ya Kihindi kibanda kinajaa mpaka nje. Filamu ya kwetu inapanda ndege kwenda Marekani, sisi hatuna habari.

Nianze na Subira. Binti wa Lamu anataka kuogelea baharini, na anaambiwa hilo si jambo la mtoto wa kike. Msee mmoja wa Nairobi aliniambia hadithi ni nyepesi mno, ati "kuogelea tu?" Nikanyamaza, kwa sababu mimi nimezaliwa Likoni, nimevuka ile bahari tangu nikiwa mgongoni mwa mama, na siwezi kuogelea. Kaka zangu wanaweza. Walikuwa wakitoroka kwenda majini, wakirudi na chumvi mwilini wanachapwa kidogo, basi. Sisi hata kutoroka hatukuwaza. Na hapa kwetu watu 272 walikufa maji kwenye feri ya Mtongwe mwaka 1994. Kwa hivyo kuogelea si jambo jepesi. Subira ilistahili zaidi ya ilichopata, ingawa kwa maoni yangu ikitoka Lamu kuingia Nairobi inapoteza ile pumzi yake.

Mvera ya Daudi Anguka naipenda kwa roho. Vijana wanaahidiwa kazi ng'ambo, kumbe huko kinachotafutwa ni viungo vya miili yao. Nionyesheni mtaa wa Kisauni ambao hauna dada aliye Saudia au anayengoja viza ya kwenda. Linah Sande ameibeba. Lakini nitasema ukweli hata kama nitatukanwa: ile ni filamu ya kusisimua, na kwa mbio hizo unashindana na watu wenye pesa mara mia yako. Wale wapiga kura wa kule wamezoea milipuko na kufukuzana. Hatuwezi kuwashangaza kwa kitu wanachokitengeneza kila wiki.

Chaguo langu ni The Letter, na sioni aibu kusema iliibiwa. Sawa, haikuibiwa. Ilipuuzwa, na hiyo inauma zaidi.

Ni filamu ya kweli, haina waigizaji. Maia Lekow na Christopher King walimfuata kijana wa mjini anayeitwa Karisa. Anasikia nyanya yake kijijini, mwenye umri wa zaidi ya miaka 90, ameitwa mchawi, na wanaosema hivyo ni watu wa familia yake mwenyewe. Anarudi nyumbani kuuliza. Kadiri anavyouliza, ndivyo unavyoona kwamba uchawi ni jina tu, na kinachotafutwa ni shamba. Hakuna bunduki wala muziki wa kukushtua. Ni watu wa boma moja wamekaa kivulini wanaongea kwa heshima, na wewe mwili unakusisimka.

Niliitazama kwenye simu usiku. Bando la saa moja likaisha filamu ikiwa bado, nikanunua jingine, na mimi si mtu wa kununua bando mara mbili.

Kilichonifanya ninunue ni hiki. Nyanya yangu anaishi Kinango, na tangu nimjue anapaka piko kichwani. Sisi wajukuu tulikuwa tukimcheka, ati nyanya anataka mchumba. Yeye anacheka pia. Baada ya kuona ile filamu nilimpigia simu, nikamuuliza kwa mzunguko, maana mambo haya huulizi moja kwa moja. Akakaa kimya kidogo. Halafu akasema, "Mjukuu wangu, huku mvi zinaua." Kisha akauliza kama nimekula.

Miaka ishirini na zaidi tunacheka kitu ambacho kilikuwa ngao.

Kwa hivyo utabiri wangu ndio huu. Siku Kenya itakapoingia tano bora, itakuwa filamu ya Pwani, itakuwa ya ndani ya boma moja, na haitakuwa na bunduki hata moja. Naweka asilimia 70. Zile 30 nawaachia Watanzania, kwa sababu mwaka 2022 walipeleka Vuta N'Kuvute ya Amil Shivji, hadithi ya Zanzibar kutoka kwa riwaya ya Adam Shafi, na wallahi wale wanajua kuupiga picha mwambao wetu kuliko sisi. Wakitutangulia msiseme sikuwaonya.

Na hizo filamu zianze kuonyeshwa huku kwanza, kwenye vibanda vya video Likoni, Changamwe, mpaka Kinango. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, sina nadharia ya filamu ya kuwapa. Najua tu kwamba wanaopiga kelele "mchawi huyo" hawako Los Angeles.

Nyanya anakuja mwezi ujao kwa harusi ya binamu. Nimeshapata laptopu ya kuazima, nataka tuitazame sote sebuleni, na wale wajomba wawepo. Yeye sijamwambia bado. Jana kanipigia, kaniagiza piko, pakiti mbili.