Chango

"Chango hilo, mwanangu. Ukiolewa ukazaa, litakwisha."

Bibi aliniambia hivyo nikiwa na miaka 14, nimejikunja juu ya kitanda chake cha samadari, Mkunazini, chupa ya maji moto tumboni.

Niliolewa. Halikwisha. Na mtoto hakuja.

Nilikunywa mizizi ya kila aina, nikafukizwa, nikameza panadoli kama njugu. Miaka 15 ikapita hivyo. Mwishowe nilipanda boti kwenda Dar es Salaam, nikatobolewa vitundu vidogo, kamera ikapenyezwa tumboni. Jibu likawa neno moja refu: endometriosi.

Daktari alinichorea nyuma ya risiti. Ukuta wa ndani wa mji wa mimba huishi kwa kuambiwa. Estrojeni huuambia: ota, nenepa. Projesteroni huja baadaye: basi, tulia, jiandae kwa mgeni. Mgeni asipofika, homoni zote mbili hushuka, ukuta humomonyoka; ndiyo hedhi. Kwangu mie, vijinyama mfano wa ukuta ule vimeota nje, kwenye mifuko ya mayai na nyuma ya kizazi. Navyo ni viziwi: projesteroni ikiviambia basi, havisikii sawasawa. Tena vinajitengenezea estrojeni yao wenyewe! Vikivuja damu, haina pa kutokea. Mwili unawaka.

Karibu mwanamke mmoja kati ya 10 walio katika umri wa kuzaa anayo. Hebu hesabu wanawake wa kichochoro chako.

Niliporudi Unguja nilikuwa na hasira na neno chango. Neno gani hili linalobeba minyoo, tumbo la kichanga na ugumba kwa pamoja? Lakini wazee pia husema chango "linatembea", na langu kweli lilitembea: kiunoni, mapajani, mgongoni. Hilo waliliona kabla ya kamera. Walipokosea ni pale pa kuzaa, maana mimba si dawa yake. Na katika mafunzo yote ya unyago, hakuna aliyetwambia maumivu yakifika wapi si ya kawaida tena.

Juzi binti wa dada yangu, miaka 13, kaja kashika tumbo. Bibi akaanza, "Chango hi..." Akanitazama. Akanyamaza kidogo, akaunyoosha mtandio wake.

"Linakuzuia kwenda skuli, mjukuu wangu?"