Tingatinga Alizaliwa

Mvua za masika zilipokatika mwaka huu nilimtuma mjukuu wangu ghalani akalete debe la mahindi. Alikawia. Aliporudi hakuwa na debe, bali alikuwa amekumbatia ubao wa mraba uliojaa vumbi na utando wa buibui. Aliufuta kwa kiganja, na chini ya vumbi akatokea chui wa manjano, mwenye madoa meusi na macho ya duara, juu ya ardhi ya buluu isiyo na jani wala jiwe.

"Babu, hii ni nini?"

"Ni tingatinga," nikamjibu.

Akanikazia macho. Kwa mtoto wa Makumira, tingatinga ni lile dubwana la chuma linalosukuma udongo barabara inapopanuliwa. Akauliza tena: "Tingatinga si mashine, babu?"

Mimi ni mtu wa Kiswahili. Nimekifundisha miaka mingi, na nimetunga mashairi tangu ujana wangu. Swali kama hilo ni chakula changu. Nikamketisha barazani, nikamweleza kwamba neno hili hujipambanua kwa upatanisho wake. Ukisema "tingatinga limefika", msikilizaji anaona mashine. Ukisema "tingatinga hii inauzwa", anaona picha kama hiyo aliyoishika. Na ukisema "Tingatinga alizaliwa", unamtaja mtu.

"Alizaliwa wapi?"

Hapo nilisita, kwa kuwa nilitambua kwamba katika miaka yote niliyolitumia neno hili kwa mizaha na dharau, nilikuwa sijawahi kulitumia na kiambishi cha mtu.

Edward Saidi Tingatinga alizaliwa mwaka 1932 katika nchi ya Tunduru, kusini mwa Tanzania. Shule aliiona kwa miaka michache tu. Katikati ya miaka ya 1950 alikwenda Tanga kufanya kazi katika mashamba ya mkonge, kama walivyofanya maelfu ya vijana wa kusini, kisha akahamia Dar es Salaam. Huko alifanya kazi ya bustani nyumbani kwa Mwingereza mmoja, akabangaiza kwa kazi hii na ile. Mwaka 1968, akiwa na umri wa miaka 36, akaanza kuchora.

Vifaa vyake vilikuwa vya fundi wa mtaani. Kwa kuwa hakuwa na turubai ya wachoraji, alitumia hadibodi, zile mbao nyembamba zilizoshindiliwa ambazo watu huzipigilia darini, akazikata kwa umbo la mraba wa futi mbili hivi kila upande. Rangi zake zilikuwa rangi za mafuta zinazong'aa, za kupakia baiskeli na milango. Katikati ya ubao alimweka mnyama mmoja, awe chui, kiboko, twiga au ndege, akampa nafasi yote. Nyuma yake aliacha rangi moja tupu. Kazi hizo ziliuzwa nje ya maduka ya Morogoro Stores, kule Oyster Bay, walikokuwa wakipita wageni wenye fedha. Na pembeni ya ubao aliandika jina lake: E.S. Tingatinga.

Mwaka huo huo wa 1968, kule New York, Andy Warhol alipigwa risasi, akanusurika. Warhol ndiye aliyekuwa ameonyesha kule Los Angeles, mwaka 1962, picha 32 za mikebe ya supu, zote za kimo kimoja na sura moja, tofauti ikiwa ni jina la supu tu. Wakosoaji walibishana, lakini neno lililotumika lilikuwa sanaa. Edward Tingatinga naye alipigwa risasi, mwaka 1972, na polisi waliomdhania mhalifu. Yeye hakunusurika. Alikuwa na umri wa miaka 40, na kazi yake yote ya uchoraji ilikuwa imechukua takriban miaka minne.

Nilimsimulia mtoto haya kwa maneno mepesi zaidi. Sikumsimulia habari ya ule ubao wenyewe, wala kwa nini ulikuwa ghalani.

Ubao ule aliuchora mdogo wangu. Katika miaka ya 1990 alikwenda Dar es Salaam kutafuta maisha, akajikuta miongoni mwa wachoraji wa Oyster Bay. Edward alikuwa amefariki zamani, lakini jamaa na wanafunzi wake hawakuweka brashi chini. Walifundishana, kila mmoja akamvuta nduguye, na mwaka 1990 umoja wao ukawa chama cha ushirika. Mdogo wangu alijifunza kwa kuketi ubavuni mwa wengine, kwanza akipaka rangi ya nyuma, kisha akitia madoa, na mwisho akaruhusiwa kuchora mnyama mzima. Aliporudi Makumira alifanya kibaraza chake kuwa karakana. Mbao zake akazipeleka mjini Arusha, kwenye maduka ya vinyago, ambako watalii hununua kumbukumbu kabla ya kwenda Ngorongoro na Serengeti au baada ya kurudi.

Krismasi moja, ukoo mzima ukiwa umekusanyika kwangu, aliniletea chui huyu awe zawadi. Watu wakashangilia. Mimi nilikuwa nimetoka kuchapishiwa mashairi gazetini, na kichwa kilikuwa kimevimba. Nikautazama ubao, nikasema mbele ya mama yetu na mbele ya watoto wake: "Mdogo wangu, huku ni kunakili. Chui yuleyule, mwezi baada ya mwezi. Hata chui mwenyewe si wako."

Hakukasirika, au hakuonyesha. Alisema kwa upole: "Kaka, na mashairi yako yote yana mistari minne."

Watu wakacheka. Mimi sikucheka. Niliuchukua ubao nikaupeleka ghalani, nikauegemeza ukutani, gunia la mahindi likawekwa mbele yake. Tangu siku ile mdogo wangu amekuja kwangu misibani na harusini, akala na kuaga. Lakini hajaniletea tena kazi ya mkono wake, wala mimi sijamwomba.

Nyinyi wasomaji wa ukurasa huu ni washairi, na bila shaka mmekwisha kuona alichokiona yeye kabla yangu. Mtu anapotunga tarbia, haanzi kwa kubuni mistari minne. Anaikuta. Anakuta mizani kumi na sita katika kila mstari, nane upande huu na nane upande ule, anakuta kina cha kati na kina cha mwisho. Kaluta Amri Abedi alizifafanua sheria hizo kitabuni mwaka 1954, naye hakudai kwamba amezibuni. Alizikusanya kutoka kwa waliomtangulia. Hakuna anayemwita mshairi mwizi kwa sababu beti zake zina umbo la beti za wenzake. Tena sisi tuna desturi ya kujibizana. Mmoja hutoa shairi gazetini, mwingine humjibu kwa bahari ileile na vina vilevile, na ustadi wake hupimwa hapo hapo, kwa jinsi anavyopumua ndani ya chumba asichokijenga.

Ubao wa futi mbili ni ubeti. Rangi moja ya nyuma ni kina kinachorudi. Mnyama mmoja katikati ni hoja ya shairi, ambayo haitaki msongamano. Edward Tingatinga aliacha zaidi ya picha. Aliacha bahari, kama tunavyosema tunapotaja aina ya shairi. Waliomfuata wamechora ndani yake. Wengine walijaza ile ardhi tupu kwa maua, ndege na watu wa vijijini, hata ukiwatazama kwa makini unawatambua kwa mikono yao kama unavyomtambua malenga kwa msamiati wake. Nilipomweka chui wa mdogo wangu mwangani, niliona kwamba madoa yake hayakutiwa ovyo. Yanaanza madogo kichwani, yanapanuka mgongoni, kisha yanapungua tena mkiani, kwa mapigo yanayohesabika. Nimehesabu mizani maisha yangu yote, na sikuyahesabu hayo.

Hata hivyo sitaki kusema kwamba kunakili hakuna ubaya wowote. Ziko mbao zinazochorwa kwa haraka kama matofali, na ziko tarbia zinazotungwa hivyo. Nimetunga baadhi yake. Lakini ubaya mkubwa zaidi, nionavyo, uko katika kufuta jina. Malenga wetu hulitaja jina lake na mji wake katika beti za mwisho, ili shairi lisafiripo lijulikane limetoka kwa nani. Wachoraji hawa nao hutia jina pembeni ya ubao. Mnunuzi anaupeleka ubao Ujerumani au Japani akisema amenunua "tingatinga", na neno hilo moja linawameza wawili, aliyeianzisha bahari na aliyeuchora ubao wenyewe.

Hapa Arusha tunayo mifano mingine ya kumezwa. Huyo Amri Abedi niliyemtaja, aliyekuwa meya wa kwanza Mwafrika wa Dar es Salaam na kisha waziri, akafariki mwaka 1964, ndiye mwenye jina la uwanja wetu wa mpira. Kila wiki watu huambiana "tukutane Sheikh Amri Abeid", na wengi wao humaanisha nyasi na majukwaa. Jina limeishi kwa kuwa mahali. La Edward limeishi kwa kuwa kitu. Heshima hiyo si ndogo, lakini inatudai kazi moja sisi tunaojiita watu wa lugha: mara kwa mara tulirudishie jina kiambishi chake cha mtu.

Kazi hiyo nilikuwa nimeishindwa nyumbani kwangu mwenyewe. Nilimwita mdogo wangu mnakili, nikamfungia chui wake gizani pamoja na jina lake. Nilikaa siku tatu nikitafuta namna ya kumwambia. Kwa mazungumzo sikuweza. Nikakimbilia kwenye ile mistari minne aliyonicheka nayo:

Ndugu chukua mkono, nipe na radhi mwenzangu,
Nilikujibu kwa neno, lililozidi uchungu,
Chui wako ana meno, ndiye mlinzi wa kwangu,
Na jina lako ni wino, haulifuti ukungu.

Niliuandika kwa mkono, nikautia katika bahasha, nikampa mjukuu apeleke. Hakuna jibu lililokuja. Jumapili iliyofuata, tulipotoka ibadani, mdogo wangu akaja mwenyewe na mkungu wa ndizi begani. Chui alikuwa amekwisha kutundikwa sebuleni. Akausimamia ubao kwa muda mrefu, kisha akasema, "Kaka, msumari umeukaza upande. Chui anateremka mlima." Akauvua, akaunyoosha, akarudi nyuma hatua mbili akautazama tena. Habari ya shairi hakuigusa, nami sikuiuliza. Tuliketi, tukanywa kahawa ya shambani.

Mjukuu alikuwa bado na swali lake. Akanivuta mkono mbele ya mgeni: "Babu, sasa hii tingatinga, nani aliichora?"

Nilikaribia kumjibu. Kisha nikamwambia asogee, atazame pale kona ya chini, asome mwenyewe. Akapanda juu ya kigoda, akaweka kidole chini ya herufi ya kwanza, akaanza kusoma kwa sauti, silabi kwa silabi, na mdogo wangu akaweka kikombe chini ili asikie vizuri.