Garanti ya miezi sita



Mwezi uliopita nilifundisha elimu ya uraia katika darasa la saba. Nilieleza kifungu cha 48 cha Katiba yetu ya mwaka 2006, kinachohakikisha haki ya makao yanayofaa, maji ya kunywa na umeme. Mtoto mmoja wa nyuma akainua mkono: « Mwalimu, na wewe uko na nyumba yako? » Darasa zima likacheka. Mimi pia nilicheka, lakini njiani kurudi Katuba sikucheka tena.

Sina nyumba. Tunapanga vyumba viwili, mimi, mume na watoto watatu, katika lupango moja na jamaa zingine tatu. Siku ya kuingia, mwenye nyumba aliomba garanti ya miezi sita. Nilitoa pesa yangu yote ya likelemba, ile niliyoweka kwa ajili ya masomo. Binti yetu mkubwa, aliye sekondari, akarudishwa nyumbani majuma matatu. Mtoto wa mwalimu!

Jioni moja kwenye bomba niliuliza majirani: serikali itusaidie namna gani juu ya nyumba? Mama mzee akajibu: ijenge, kama Wabelgiji walivyojenga Ruashi katika miaka ya 1950. Mwingine akakataa: ikijenga, funguo zitapewa wakubwa, sisi tutaona tu rangi ya milango. Wa tatu akasema: mimi inipe kiwanja chenye karatasi safi, kisichouziwa watu wawili. Matofali nitachoma mwenyewe.

Wote wana haki. Lakini kuna msaada mwingine usioomba hata mfuko mmoja wa simenti. Sheria ya tarehe 31 Desemba 2015 inasema garanti ya nyumba ya kukaa isipite miezi mitatu. Niliijua sheria hiyo siku ile nilipokuwa ninahesabu pesa. Nilinyamaza, kwa sababu watu wawili walikuwa wanangojea vyumba vilevile. Kama ningesema neno, wangeingia wao.

Mwenye nyumba si adui wangu. Ni mjane, na kodi yetu ndiyo bukari yake. Lakini mpangaji akiwa peke yake hawezi kusimamisha sheria. Hiyo ni kazi ya serikali, nayo haitaifanya kama hatuiombi.

Basi, Jumamosi kwenye mkutano, kila mama anayepanga alete karatasi ndogo: kodi ni ngapi, garanti ilikuwa ya miezi mingapi, aliingia mwaka gani. Majina ya wenye nyumba tusiandike, hatutafuti ugomvi. Tutazikusanya na kuzipeleka pamoja kwenye ofisi ya makao ya komini, tuulize sheria inafuatwa na nani.

Mimi nitaleta ya kwangu: miezi sita.