Kivuli cha Shimo Jeusi

Mfano ni ngazi ya akili. Pale ambapo mkono haufiki na jicho halioni, mwanadamu huchukua kitu cha karibu kinachofanana na cha mbali, akakiuliza maswali.

Katika mambo ya mbali, gumu kuliko yote ni shimo jeusi, mahali ambapo uvutano ni mkuu hata nuru haiwezi kutoka. Mwaka 1974 Stephen Hawking wa Uingereza alionyesha kwa hesabu kwamba shimo hilo hutoa joto. Lakini joto lenyewe ni hafifu mno. Hakuna chombo kilichopata kulipima.

Mwaka 1981 William Unruh wa Kanada aligeukia mfano wa mto. Samaki apigaye kelele mahali ambapo mto hukimbia kuliko sauti hawezi kusikiwa na wenzake walio juu, maana maji huichukua kelele yake yakaishusha. Hesabu ya sauti katika mto huo ni sawa na ile ya nuru kando ya shimo jeusi. Basi, ikiwa Hawking alisema kweli, mpaka ambapo mkondo huishinda sauti nao hauna budi kutoa mnong'ono.

Katika maji ya kawaida mnong'ono huo ungemezwa na joto. Ulihitajika mkondo baridi usio na msuguano. Mkondo wa namna hiyo ulijulikana tangu mwaka 1938, Pyotr Kapitsa huko Moscow, na John Allen na Don Misener huko Cambridge, walipotangaza kuwa heliamu iliyopozwa kupita kiasi cha nyuzi 271 chini ya sifuri hutiririka bila kizuizi. Mwaka 2016 Jeff Steinhauer wa Haifa, akitumia wingu baridi la atomi za rubidi litiririkalo vivyo hivyo, alitangaza kuwa ameupata mnong'ono.

Je, shimo la mbinguni limethibitishwa? La. Mkondo huiga mwendo wa nuru, lakini hautii sheria ya Einstein juu ya chanzo cha uvutano. Hata hivyo haukukosa faida. Hesabu ya Hawking ilitegemea mawimbi mafupi mno, ambayo hakuna ajuaye kama yamo angani. Katika mkondo mawimbi hayo hukomea kwenye atomi. Na mwaka 1995 Unruh alionyesha kwa hesabu kwamba mnong'ono hudumu hata hivyo. Shaka moja ilipungua.

Kivuli si mti, walakini humwambia mpimaji urefu wa mti. Apandaye kivuli ataanguka. Akipimaye hurudi na elimu.