Roketi ya Papadi na Adabu ya Chakula

Sisi Waislamu hulelewa katika adabu ya chakula kabla hatujajua kusoma. Mtoto hufunzwa kutaja jina la Mwenyezi Mungu, kula kwa mkono wa kulia, kula kilicho mbele yake, na kutoacha tonge likapotea bure. Bwana wetu Mtume Muhammad (S.A.W.) ametufundisha kuwa tonge likituanguka tuliokote, tuliondolee uchafu ulioshika, kisha tulile, wala tusimwachie Shetani. Na Qurani Tukufu, katika Sura ya Al-A'raf, imeturuhusu kula na kunywa, na papo hapo ikatukataza israfu. Basi mtu akisikia ya kwamba katika nyumba ya Mwislamu watoto wameunda roketi kwa vyakula na wakairusha uani, neno la kwanza litakalomjia ulimini ni kuuliza: "Je, hiyo si israfu?"

Swali hilo ni la haki, na ndilo lililotukalisha barazani baada ya Isha kwa siku nne mfululizo katika likizo iliyopita. Nimeona yafaa niwaandikie wasomaji yaliyopita, kwani hapana shaka kila mwenye watoto wenye akili ya kudadisi atakutana na jambo la namna hii, ijapokuwa kwa sura nyingine.

Mwanangu ana umri wa miaka 14, na binti wa dada yangu, ambaye hukaa nasi hapa Tanga, ana miaka 12. Wawili hawa walisikia shuleni kuwa wako watu katika nchi za ng'ambo waundao vyombo vya kuruka kwa vitu viliwavyo tu. Wakaja kwangu kwa adabu wakaomba papadi, tende, unga wa ngano, siki, na ule unga mweupe wa magadi tutiao katika maandazi. Kabla sijajibu, mama yangu, ambaye nyumba nzima humwita Bibi, aliweka tasbihi yake chini akasema, "Mwanangu, mimi sikubali. Mwanzo wa miaka ya 1980 nilikuwa nikitoka alfajiri kupanga foleni ya unga na sukari, nawe umelala mgongoni mwangu. Leo unga huo huo uchezewe?"

Binti akamwambia, "Bibi, tuwie radhi. Hatutaki kuuchezea, twataka kujua."

"Kujua nini?" akauliza Bibi.

"Kitu kinachokwenda mbinguni chasukumwa na nini."

Nikaona hapa pana haki mbili zinazokabiliana: haki ya neema ya Mola isidharauliwe, na haki ya mtoto apewe elimu. Sikutaka kumpinga mzazi wangu mbele ya watoto, wala sikutaka kuwafunga watoto midomo. Nikaomba jambo hili tulipime kwa utulivu, na kila mtu aseme alilo nalo.

Tukaanza na elimu yenyewe. Watu wengi hudhani roketi huruka kwa kuisukuma hewa iliyo chini yake. Sivyo. Roketi hutupa nyuma kwa nguvu kitu ilichokibeba yenyewe, na kwa kukitupa nyuma, yenyewe husukumwa mbele. Kanuni hiyo iliandikwa na Isaac Newton katika mwaka 1687, na kwa sababu hiyo roketi yaweza kwenda hata mahali pasipo na hewa kabisa. Mwenye kuruka kutoka mashuani huyaona hayo: yeye aenda pwani, na mashua yarudi nyuma.

Wala elimu hii si ngeni kwa Waislamu. Katika karne ya 13, Hasan al-Rammah wa nchi ya Shamu aliandika kitabu cha mambo ya farasi na vita, na ndani yake akaeleza namna ya kusafisha shura na kutengeneza roketi. Huko Bara Hindi, Haidar Ali na mwanawe Tipu Sultan, watawala wa Mysore, walikuwa na roketi za mabomba ya chuma zilizowatia Waingereza hofu katika vita vya Pollilur mwaka 1780. Tipu aliuawa mwaka 1799, na roketi zake zikachukuliwa Uingereza, ambako William Congreve alizifuata kuunda zake. Twayakumbuka hayo ili vijana wetu wajue kuwa mlango huu babu zao walikwisha kuupitia.

Mwanangu akatoa jambo lililotustaajabisha sote. Alisema kuwa gramu 1 ya sukari ina kalori za chakula zipatazo 4, na gramu 1 ya mafuta ya kupikia ina 9, ilhali gramu 1 ya baruti haifiki hata kalori 1. Bibi akauliza, "Mbona basi baruti hulipuka, nayo sukari imetulia kikombeni?" Jawabu ni kwamba baruti imebeba ndani yake oksijeni ya kujiwashia, haingoji hewa ya nje. Sukari huingoja, na katika miili yetu huipata kidogo kidogo kwa kila pumzi tuvutayo. Moto ule ule ambao ungeteketeza nyumba, Mola ameupitisha ndani yetu polepole, tukatembea na kuswali na kulea watoto kwa nguvu zake. Bibi akasema, "Subhanallah," akanyamaza kitambo.

Hapo nikaweka mpaka ulio wazi. Wako watu wanaochanganya sukari na kemikali zenye oksijeni ili iwake kama baruti, na wako waliopoteza vidole na macho kwa mchezo huo. Niliwaambia watoto kuwa jambo hilo halitafanywa nyumbani mwangu, wala kwa siri, wala kwa mfano mdogo. Mwili ni amana, na elimu haihitaji kununuliwa kwa kiungo cha mtoto. Roketi yetu itakwenda kwa siki na magadi, bila ya moto wowote.

Bibi naye akatoa masharti yake matatu. La kwanza, kisitumike chakula zaidi ya kile ambacho mtoto mmoja angekila kwa kitafunio cha jioni. La pili, kinachoanguka kiokotwe. Kinacholika kiliwe, na kilichoshika mchanga wapewe kuku. La tatu, kadiri ya kitakachotumiwa, kadiri hiyo hiyo ipelekwe kwa jirani kabla roketi haijaruka. Tukakubali. Jioni ile watoto walipeleka papadi, tende na unga kwa mama mmoja mjane wa mtaani petu, nao wakarudi na dua zake.

Kazi ikaanza kesho yake. Papadi mbichi, ambayo ni unga wa jamii ya kunde uliosukumwa ukawa mwembamba kama karatasi, ilipitishiwa kitambaa chenye unyevu mpaka ikalegea. Wakaikunja kuzunguka kichupa cha vidonge vya vitamini, vile vinavyochemka majini, ambacho kifuniko chake huingia kwa kubanwa. Kichupa hicho pekee ndicho kisicholika, kwa kuwa hatukupata chakula kinachoweza kuzuia gesi bila ya kuvuja. Gundi ilikuwa uji mzito wa unga wa ngano. Mabawa matatu ya mkiani yalikatwa kwa mkasi katika papadi nyingine, na pua ikafinyangwa kwa papadi vilevile. Vyote vikaanikwa kivulini kutwa nzima mpaka vikakakamaa. Ilipowekwa katika mizani ya jikoni, roketi ilikuwa na gramu 29.

Namna ya kuirusha ni hii. Siki hutiwa katika kichupa, magadi hufungwa katika kipande kidogo cha karatasi ya shashi na kutumbukizwa ndani, kifuniko hubanwa upesi, na roketi husimamishwa kifuniko kikiwa chini. Siki ikikutana na magadi, hutoka gesi ile ile iliyo katika pumzi tuitoayo. Gesi hujaa, nayo haina pa kwenda. Mwisho kifuniko hufyatuka, gesi na maji hutupwa chini, na roketi hupanda juu. Nilisimama mimi mwenyewe karibu nao, watoto wakiwa hatua kumi nyuma na wamevaa miwani ya kukinga macho, na sharti lilikuwa kwamba hakuna atakayeinamia chombo ambacho hakijafyatuka.

Roketi ya kwanza ilipanda kiasi cha kimo cha mtoto, ikapinduka hewani, ikaenda kugonga ua wa makuti. Watoto wakahuzunika. Nikawauliza, "Mshale huwekwa uzito wapi?" Binti akajibu, "Kwenye ncha, mjomba." Basi hiyo ndiyo siri. Chombo kirukacho chapaswa kuwa kizito mbele na kipana nyuma, ili hewa inapokisukuma ikishike mkia na kuirudisha pua katika njia yake. Ikiwa pua ni nyepesi, hewa hukigeuza kama jani.

Wakatengeneza mabawa mapya, na safari hii pua wakaifinyanga kwa tende mbili zilizopondwa, zenye gramu 12. Tende ni tamu, nzito, na hushikamana bila ya gundi. Roketi ile ilisimama kimya kwa muda, kisha ikafyatuka kwa kishindo kidogo, ikapanda wima, ikaupita upenu wa banda la kuku, kimo nilichokikadiria kuwa mita 3, ikarudi chini pua ikitangulia. Bibi, aliyekuwa akitazama kutoka dirisha la jikoni, alitoka nje kwa fimbo yake. Akaiokota pua ya tende, akaipangusa, akaiosha kwa maji ya birika, akasema "Bismillahi," akaila. Kisha akawaambia wajukuu zake, "Imetoka mbinguni, lakini utamu wake ni ule ule."

Usiku wa siku ile tulizungumza kwa urefu juu ya israfu iliyo kubwa zaidi. Katika Vita Kuu ya Pili ya Dunia, Wajerumani waliunda roketi iliyoitwa V-2, ambayo tangu Septemba 1944 iliangushwa Paris, London na miji mingine. Kila moja ilibeba karibu tani 4 za alkoholi iliyochanganywa na maji, na alkoholi hiyo ilitolewa katika viazi. Viazi tani kwa tani viliondolewa katika vyungu vya watu wakati wa njaa ya vita, vikageuzwa kuwa kifo cha watu wengine. Waliofanyishwa kazi ya kuziunda chini ya ardhi walikuwa wafungwa, na maelfu yao walikufa kwa njaa, maradhi na mateso. Ndugu zangu, hiyo ndiyo israfu ya kuogopwa: chakula kutolewa katika kinywa cha mwenye njaa ili kimuue mwenzake. Tende mbili za watoto haziwezi kupimwa katika mizani hiyo.

Na elimu hiyo hiyo ikishikwa na mikono yenye nia njema huzaa kheri. Robert Goddard, Mmarekani, alirusha roketi ya kwanza ya mafuta ya maji tarehe 16 Machi 1926 katika shamba la jamaa yake huko Auburn, Massachusetts. Iliruka kwa sekunde zipatazo 2 na nusu, ikafika mita 12 na nusu tu, ikaangukia bustani ya kabichi. Miaka 44 baadaye, tarehe 12 Desemba 1970, katika pwani yetu hii ya Afrika Mashariki, karibu na Malindi, roketi iliondoka katika jukwaa la San Marco lililojengwa baharini na Waitaliano. Ilibeba chombo kilichoitwa Uhuru, kwa kuwa ilikuwa siku ya kukumbuka uhuru wa Kenya, nacho kilikuwa cha kwanza duniani kutengenezwa mahsusi kuchunguza miale ya eksirei itokayo katika nyota. Jina la Kiswahili lilikwenda juu, na wengi wa watoto wetu hawajapata kuambiwa habari hiyo.

Wazazi wenzangu, mtoto akija na swali la ajabu, tusikimbilie kulizima kwa neno "haramu" kabla hatujalipima, wala tusikimbilie kulikubali kwa kuogopa kuitwa watu wa zamani. Bwana Mtume (S.A.W.) aliwaachia watoto nafasi ya kucheza, na Bibi Aisha (R.A.) alikuwa na wanasesere wake. Lakini mchezo uwe na mpaka, uwe na mkubwa wa kuusimamia, na uwe na haki ya maskini ndani yake. Nanyi vijana, mkiomba ruhusa ya kujaribu jambo, njooni na adabu pamoja na hoja, kwani wazee wetu wamebeba njaa ambazo ninyi hamkuziona, na katazo lao mara nyingi ni kumbukumbu yenye uchungu.

Mwenyezi Mungu atujaalie watoto wenye kutafuta elimu na kushukuru neema, na atukinge na israfu, ndogo na kubwa. Amin.